Mlango wa Nyuma

Watu wa Mubi hunisifu kwa adabu ya mtoto ambaye sikumlea. Wanapita barabarani na mizigo yao, wanamkuta amekaa kando ya cherehani yangu akichambua maharage, anawaamkia mmoja mmoja, anasogea ili wapate nafasi kwenye benchi. Kisha wananigeukia mimi. "Mama, huyu mutoto ulimulea namna gani? Ba kwetu beko na makelele tu." Katekista wetu ndiye kinara wao. Kila akileta suruali nimpunguzie pindo, lazima anikumbushe kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi natabasamu na pini zangu mdomoni. Methali hiyo naimeza kila siku kama kwinini, na homa haishuki.

Binti yangu ana miaka minane. Halii. Haombi kitu dukani. Hajawahi kunirukia shingoni. Nikimwita anakuja, nikimtuma anakwenda, nikimkosea anasema si neno. Najua kuna mama wanaotamani mtoto wa namna hiyo, na nawaambia waziwazi, msitamani. Mimi najua alivyopatikana.

Alipatikana Muheto, nyumbani kwa mama yangu, asubuhi moja ya ukungu, alipokuwa hajafikisha miaka miwili. Kwetu Masisi mtoto wa umri huo huachishwa ziwa kwa njia moja. Mama anajipaka mubirizi kwenye matiti, yale majani machungu tunayowanywesha hata wenye minyoo. Mtoto anaonja, anatema, analia siku mbili tatu. Kisha mama anaondoka na kumwacha kwa koko, ndivyo tunavyomwita bibi au babu, mpaka mtoto asahau. Na mama haagi. Ndiyo sheria yenyewe. Ukimuaga mtoto atalia, na kilio chake, wazee wanasema, kitakufuata barabarani mpaka pikipiki ipinduke. Kwa hiyo mtoto anapumbazwa mbele ya nyumba, na mama anatokea mlango wa nyuma.

Mimi sikubuni kitu. Nilifanya kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Mama yangu alimpa mjukuu wake kiganja cha mtama, wakatoka uani kuwarushia kuku. Viatu vyangu, vile vyekundu vya plastiki, vilikuwa mlangoni mwa mbele pamoja na vya watu wote, maana kwa mama yangu hakuna anayeingia ndani na tope. Nilivichukua mkononi ili visinipigie kelele. Nikapita jikoni, nikatoka nyuma, nikashuka katikati ya maharage na miguu mitupu, majani yakinilowesha hadi magoti. Nyuma yangu nilimsikia akimcheka jogoo. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko umbo lake. Sikusikia kilio, nikajiona mjanja.

Niliondoka kwa miezi mitatu. Mume wangu ni mtu wa Itebero, fundi wa pikipiki, na alikuwa ametangulia Mubi kwa sababu pikipiki zinazokwenda machimboni haziishi kuharibika. Alikuwa amenijengea nyumba ya mbao yenye kibaraza cha kuweka cherehani. Tukasema tuezeke bati kwanza, ndipo tumlete mtoto. Bati likapatikana. Barabara ikafungwa kwa sababu ya risasi, kama inavyofungwa kwetu, bila tangazo. Ikafunguliwa. Ikaja Desemba, kila mtu anataka nguo ya Noeli. Ikaja Septemba, sare za shule. Baba yake akasema Mubi ina malaria na matope na lori, mtoto bora abaki kwenye baridi ya milima, anakunywa maziwa. Nilikubali upesi mno. Sitasingizia barabara peke yake. Nilizoea. Mama anaweza kuzoea kukaa bila mtoto wake, na watu hawapendi kulisikia jambo hilo, lakini mimi nimelionja.

Jumapili baada ya ibada mama yangu alikuwa akipanda mlima kutafuta rezo, mtandao wa simu. Simu ililia nikiwa napika. Nilisikia upepo, halafu sauti yake ikimnong'oneza mtoto, "Salimia mama." Halafu pumzi tu. Pumzi ndogo, ya haraka, imebanwa kwenye simu.

"Sema bonjour," koko alimsukuma.

"Bonjour mama."

"Sema niko muzuri."

"Niko muzuri."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu, kwa karibu miaka minne. Nilikuwa nakata simu, nageuza chakula chunguni, najiambia mtoto yuko mzuri, si mwenyewe amesema.

Ajabu ni kwamba nilikuwa najua. Mimi mwenyewe nilitorokwa kupitia mlango wa namna ile ile. Mama yangu aliniacha kwa mama yake, akarudi nikiwa naanza kung'oka meno. Siku ya kuachwa siikumbuki. Nakumbuka siku ya kurudiwa. Mwanamke mrefu aliketi kwenye kigoda chetu, akala viazi vyetu, watu wakaniambia huyu ndiye mama yako, kusanya nguo. Nilikusanya. Nilimfuata nikiangalia visigino vyake njia nzima, kwa sababu uso wake sikuujua.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mkavu. Nikianguka nikachubuka, alinitazama na kusema, "Machozi haipikake maharagi," na kunipa mtungi niende kisimani. Nikiogopa radi, alinipa mahindi nipukuchue. Kila kidonda changu kilikuwa na kazi yake. Nilijifunza kujikaza kisabuni kabla sijajua kuandika jina langu. Mpaka leo mume wangu akinikosea na kuja kuomba radhi, mimi nainuka, naenda kushona. Anasema nina moyo wa pasi. Anatania, lakini si utani wote.

Nilipokwenda hatimaye Muheto kumchukua binti yangu, niliwaambia watu wote kwamba nimemkumbuka. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na msichana anayekaribia miaka sita anaweza kumbeba mtoto mgongoni wakati mama yuko kwenye cherehani. Kweli hiyo ya pili nilimwambia mume wangu tu.

Nilifika adhuhuri, nimechoka, tope hadi kiunoni. Mtoto alitoka mlangoni. Alikuwa na paji langu la uso na masikio ya baba yake. Nilipiga magoti palepale uani, nikafungua mikono. Alinitazama, akarudi ndani. Nikasikia akivuta kitu. Akatoka na kiti, akakiweka mbele yangu, akakifuta vumbi. Kisha akaleta maji ya kunawa katika kikombe cha bati, akayashika kwa mikono miwili.

"Karibu mama. Mulifika muzuri?"

"Nilifika muzuri, mutoto wangu."

"Mupumuzike. Koko iko kwa shamba, anakuya."

Nikakaa. Nikanawa. Majirani waliokuja kunilaki wakapiga makofi kwa ile adabu, na mimi nikacheka nao huku moyo wangu ukishuka polepole mpaka chini. Alikuwa amenipokea kama anavyopokelewa mgeni wa parokia.

Jioni ile mama yangu alikuwa akitafuta boti yake moja, kiatu cha mpira cha shambani. Alizunguka jiko, alifungua pipa la mahindi, hakuwa na hasira hata kidogo. "Huyu askari wangu alishaanza," alisema, na kumtazama mtoto, na mtoto akaangalia pembeni akijizuia kucheka. Ndipo nikaelezwa. Binti yangu alikuwa akificha viatu. Si vya kila mtu. Alificha vya koko. Alificha vya mama mmoja jirani aliyekuwa akimpa maziwa. Aliwahi kuficha vya dada mdogo wa baba yangu, aliyekuja kwa siku mbili akakaa tano, kwa sababu kiatu kimoja kilikuwa chini ya kuku anayelalia mayai na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Kijiji kizima kilikuwa kinajua. Mtu akikosa kiatu chake kwa mama yangu, alijua anapendwa.

Nikamuuliza mama yangu tabia hiyo ilianza lini. Akaendelea kupepeta, hakuniangalia.

"Siku ile ulienda. Mutama iliisha mu mukono, akageuka. Hakukuita. Hakuingia mu nyumba kukutafuta. Alienda tu pale kwa mulango, kwenye bantu banaachaka biatu. Akaona yako haiko. Akakaa pale."

"Alilia?"

"Akalie nini? Alikaa. Mupaka jua ikapanda. Na kesho yake tena."

Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nimevibeba viatu mkononi ili mtoto asisikie nikiondoka, na nafasi iliyoachwa na viatu ndiyo iliyomwambia.

Wiki mbili nilizokaa Muheto, viatu vyangu vilibaki mlangoni, mahali pa wazi, bila kufichwa. Sitaki kusema uongo, nilivitega. Nilivisogeza karibu na mkeka wake. Nikaviacha kimoja kimegeuka, ili kiwe rahisi kubebwa. Kila asubuhi nilikwenda kuvitazama kabla sijanawa uso, kama binti aliyeahidiwa barua. Vilikuwepo. Siku ya tatu nilivikuta vimeoshwa tope, vimekauka, vimepangwa sambamba, ncha zikielekea barabarani.

Kilichoniuma zaidi ni mama yangu. Yule mwanamke wa machozi-haipikake-maharagi alikuwa amepata mapaja. Mtoto alikuwa akimkalia wakati wowote, hata akiwa anakula, na mama yangu alikuwa akimpaka mafuta miguuni, kidole kimoja kimoja, akimwimbia kwa Kihunde wimbo wa kipuuzi kuhusu mbuzi. Mtoto alikuwa akimcheka kwa kile kicheko kikubwa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa moto na tumbo langu, nikiwa na wivu kwa wote wawili. Nilimwonea wivu mama yangu kwa sababu ya mtoto, na nilimwonea wivu mtoto kwa sababu ya mama yangu. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuwa fukara namna ile.

Siku moja tukichambua maharage sikuweza kujizuia.

"Mama, na miye ulinitoroka namna hii?"

"Namna gani tena? Kila muntu hapa njo alifanyiwaka hivyo. Na miye walinifanyia."

"Niliteseka."

"Ulikufa?"

"Hapana."

"Basi."

Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage, akaendelea. Baadaye kidogo akasema, bila kuinua kichwa, kwamba wakati wangu alikuwa na mashamba matatu na mume mgonjwa, na sasa ana shamba moja na hana mume. Nadhani alikuwa akiniomba msamaha. Mimi nikanyamaza, nikaona acha abaki nao. Hiyo pia nimeirithi kwake.

Yaliyofuata ni aibu yangu kuliko yote, kwa sababu safari hii sikuwa msichana mjinga, nilikuwa mtu mzima aliyeonyeshwa kosa lake kwa macho. Ilikuwa lazima mtoto aondoke. Tulijua atamng'ang'ania koko. Basi mimi na mama yangu tulikaa jikoni tukala njama, na hekima yote tuliyoitoa katika vichwa vyetu viwili ilikuwa hii: tumwambie kwamba koko atafuata na pikipiki ya nyuma.

Alikubali. Alivaa viatu vyake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza hakuficha vya koko, kwa kuwa koko atavihitaji safarini. Mama yangu alisimama uani amevaa boti zote mbili, amefunga hata kitenge cha kusafiria, ili uongo ukamilike. Tukampakia mtoto katikati yangu na dereva. Alisafiri amegeuza shingo. Kila mlima tuliopanda aliangalia nyuma kutazama kama ile pikipiki nyingine inakuja. Dereva alipunguza mwendo kwenye daraja la miti, mtoto akamwambia kwa upole, "Papa, tungoje kidogo, koko iko nyuma." Dereva akanitazama kwenye kioo. Nikamfanyia ishara aendelee. Mbele ya Nyabiondo aligeuka mara ya mwisho, kisha akatazama mgongo wa dereva. Hakugeuka tena hadi Walikale. Hakuuliza. Mpaka leo, miaka zaidi ya miwili, hajaniuliza ile pikipiki ya pili ilipotelea wapi.

Ndiyo adabu wanayoisifu.

Miezi ya kwanza Mubi nilijitia kumfurahisha. Nilimshonea gauni la maua. Alisema asante, akalivaa Jumapili, akalikunja. Nilimkalisha mapajani, akakaa wima, mikono juu ya magoti, mpaka nilipochoka mimi. Siku moja pasi yangu ya makaa ilimchoma mkononi. Nilijua baada ya siku tatu, nilipoona mkono wa gauni umegandamana na ngozi.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na kazi."

Nililia mimi. Nililia kwa sauti, mbele ya mteja, na huyo mtoto akaenda kuniletea maji ya kunawa uso, katika kikombe, kwa mikono miwili. Nilitaka kukipiga kile kikombe kikamwagike barabarani. Nikanywa.

Ndugu yake alipozaliwa, mambo yakabadilika, lakini si kwangu. Alimpenda yule mtoto kwa namna ambayo hata baba yao aliiona. Alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Alimwimbia ule wimbo wa mbuzi, kwa Kihunde cha kuvunjika vunjika. Kwa huyo alicheka. Mimi nikiwa kwenye cherehani, nikisikia kile kicheko kinatoka nyuma ya nyumba, nilikuwa nasimamisha mguu ili nisikie vizuri. Nikienda kuchungulia, kinakoma. Ananiuliza kama nahitaji kitu.

Mtoto huyo wa kiume alikua mlizi, mng'ang'anizi, mchafu, mwenye fujo, anapiga, anabusu, anataka nyonyo akiwa amesimama. Mwaka mmoja na miezi minane, hajui subira ni nini. Nilimpenda kwa urahisi ambao ulinitisha. Kila nilipombusu shingoni nilijua kwamba kuna macho yanayotazama kutoka mlangoni, yametulia, hayaombi kitu.

Ndipo mama yangu akapiga simu Jumapili moja. Baada ya salamu akasema, "Mulete huyo kijana nimuachishe ziwa. Mubirizi iko mingi."

Mume wangu alilipenda shauri hilo. Tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, na samaki, mvua inapiga bati, tunapandisha sauti ili tusikilizane. "Anakukula mupaka damu," aliniambia. "Nguo za bantu zimelala pale. Umupeleke, umuache miezi miwili ao mitatu kwa koko, urudi ufanye kazi."

Na mimi nilijibu nini? Mtu angedhani nitageuza meza. Nilisema, "Tutaona." Kisha nikaanza kupanga. Nilijiambia miezi miwili si miaka minne, na barabara sasa ni nzuri, na safari hii nitaaga. Hilo ndilo nililojivunia, nitaaga! Nitamshika mikono nimwambie mama anaondoka. Kama kwamba ubaya wote ulikuwa kwenye mlango, na mimi nikitokea wa mbele nitakuwa mama mwema. Majuto ni mjukuu, tunasema, huja mwisho. Mimi majuto yangu yalikwisha kuja, yalikuwa yanaishi nyumbani mwangu, yanafua nguo na kuchambua maharage, na bado sikujifunza.

Siku moja kabla ya safari nilimkalisha binti yangu kitandani. Nilimweleza kila kitu, isipokuwa kitu chenyewe. Nilisema naenda kwa koko na mdogo wako, kusalimia, wiki mbili, tutarudi wote wawili, wewe utabaki na papa.

"Ndiyo, mama."

"Uko na kitu ya kuuliza?"

"Hapana."

"Unataka nimwambie koko nini?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, midomo ikisogea. "Umwambie bonjour," alisema.

Asubuhi pikipiki ilifika mapema. Mume wangu alifunga mzigo nyuma. Nilipotoka, nilikuta viatu vyangu mlangoni, vimeoshwa, vimefutwa, ncha zikielekea barabarani, kama kawaida yake. Nikavivaa. Nikatafuta vya mtoto, vile vidogo vya bluu nilivyomnunulia Noeli. Havikuwepo. Niliangalia chini ya kitanda, chini ya cherehani, ndani ya kapu la vitambaa, jikoni. Dereva akapiga honi. Nikainua hata sufuria.

Kisha nikaelewa, na nitasema wazi nilichosikia moyoni, ingawa kinanidhalilisha. Nilifurahi. Nilisimama katikati ya nyumba na sufuria mkononi, furaha ikanipanda mpaka kooni. Nikasema, Mungu wangu, ameficha. Hataki niende. Baada ya miaka yote hii, mtoto wangu hataki niende.

Alikuwa amesimama kwenye kona, mdogo wake amemfunga mgongoni kwa kitenge, amelikaza fundo mara mbili. Nilichuchumaa mbele yake.

"Ni weye njo ulificha biatu?"

Akashika fundo la kitenge.

"Sikukasirika. Sema tu. Hautaki mama aende?"

Alinitazama. Uso wake ulikuwa na huruma kidogo, ile ya mtu anayelazimika kumweleza mgeni jambo ambalo kila mwenyeji analijua.

"Weye unaweza enda," alisema. "Biatu yako niliisha kukuoshea. Huyu njo haendi."

"Kwa nini?"

"Nilisikia papa. Nyumba yetu iko ya mbao, sauti inapita." Akamsukuma mdogo wake juu kidogo mgongoni. "Kwa koko kuko mulango ya nyuma."

Mume wangu alikuwa mlangoni na kamba mkononi, akaangalia chini. Dereva alipiga honi tena. Nilitaka kumwambia binti yangu kwamba singemfanyia mdogo wake vile, nikaacha, kwa sababu uongo huo tayari nilikuwa nimemwambia jana.

Nikamwambia mume wangu afungue mzigo, dereva aende zake. Mama yangu alinikaripia kwenye simu siku kadhaa, akasema nimekuwa Mzungu, nalea yai. Mtoto aliachishwa ziwa hapa hapa Mubi, akilia mbele yangu na mimi nikilia mbele yake, wiki mbili za makelele hata majirani wakachoka. Viatu vile vya bluu sijaviona mpaka leo, na sasa havimwenei tena.

Lakini asubuhi ile, pikipiki ilipoondoka, nilibaki nimechuchumaa mbele ya binti yangu. Nilivua viatu vyangu, kimoja kimoja, nikampa.

"Na hii ufiche."

Alivipokea kwa mikono miwili. Aliviangalia. Akafuta kisigino kimoja kwa pindo la gauni lake, akaenda navyo hadi mlangoni, akavipanga sambamba pale pale vilipokuwa, ncha zikielekea barabarani. Kisha akarudi kumfungulia mdogo wake kitenge, ili acheze.